Gari, Mvua na Watoto wa Shule

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulijua kidogo, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba analijua lote. Jambo lenyewe ni utunzaji wa magari kabla ya mvua, na mwendo wa salama barabarani wakati shule zimefunguliwa. Mazungumzo yetu yanawahusu watu wote, lakini zaidi yanawahusu wakaaji wa Madaba, katika mkoa wa Ruvuma, kwa kuwa barabara kuu itokayo Makambako kwenda Songea inapita katikati ya nchi yao, nao watoto wao huitumia kila siku kwa miguu.

Kwanza tutazame majira. Nchi yetu ya kusini ina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na huendelea mpaka Aprili, pengine hata Mei. Shule nazo hufungua mwaka wao mwezi wa Januari. Basi siku ile mtoto wa darasa la kwanza anaposhikwa mkono kupelekwa shuleni mara ya kwanza, njia zimelowa, majani yamerefuka kando ya barabara, na ukungu umelala milimani asubuhi. Tena tangu Januari 2016 elimu ya msingi na ya sekondari mpaka kidato cha nne imetolewa bila ada katika Tanzania Bara, na watoto wengi sana waliingia madarasani. Jambo hilo ni la kheri, walakini maana yake pia ni kwamba miguu midogo imezidi kando ya barabara zetu.

Zamani barabara hii ilikuwa ya udongo, na mvua zenyewe zilimfundisha dereva kwenda polepole, maana tope halimwogopi mtu. Katika miaka ya 1980 barabara ya Makambako hadi Songea, yapata kilometa 300, ilitiwa lami. Tukapata faida kubwa: mahindi yetu yalifika sokoni, na wagonjwa wakafikishwa hospitali upesi. Lakini lami haina tabia ya tope. Haimzuii mtu. Humwacha akimbie apendavyo, kisha siku moja humdai deni lote kwa mara moja.

Kuna msemo unaosikika sana kila mahali penye msiba wa barabarani. Watu hutikisa kichwa wakasema, "Ajali haina kinga." Sisi hatutaki kuwadharau wazee walioutunga msemo huo, kwa kuwa husaidia kumtuliza mfiwa. Lakini haufai kabisa kutumiwa na dereva, wala na mwenye gari. Tairi lililokwisha halikuisha kwa ghafula. Lilikwisha kidogo kidogo, na kila siku mtu aliliona. Breki iliyoshindwa mlimani ilikuwa ikipiga kelele wiki tatu. Waipa iliyokataa kufuta maji ilikauka mpira wake wakati wa jua kali la Septemba na Oktoba. Mambo hayo yote yana kinga, nayo kinga yake ni spana, fedha kidogo, na saa moja ya kutazama. Wazee hao hao walisema pia, "Tahadhari kabla ya hatari," na, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mbona twachagua msemo mmoja tu, ule unaotuondolea lawama?

Nasi hatupaswi kusahau msiba wa tarehe 6 Mei 2017. Siku hiyo basi dogo lililowachukua wanafunzi kwenda kufanya mtihani wa kujipima lilitumbukia korongoni huko Karatu, katika mkoa wa Arusha, wakati wa mvua. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu tu ndio waliookoka. Nchi nzima ililia. Lakini machozi peke yake hayakazi nati hata moja, wala hayatii upepo katika tairi. Heshima iliyo bora kwa watoto wale ni sisi kutazama magari yetu kabla ya safari.

Sasa tuseme juu ya gari lenyewe, kitu kimoja kimoja, na sababu zake, maana mtu akijua sababu hasahau upesi.

Kitu cha kwanza ni tairi. Tairi la hewa lilianza kutumika sana baada ya John Boyd Dunlop kulitengeneza mjini Belfast mwaka 1888, naye alilitia katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mifereji iliyochongwa juu ya tairi si pambo. Kazi yake ni kuyapitisha maji, ili mpira uguse lami yenyewe. Tairi likiwa kipara, maji hayana pa kupita. Basi gari likienda kasi hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na hapo usukani haufanyi kazi wala breki haifanyi kazi. Nchi nyingi zimeweka sheria kwamba kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6, lakini kwa mvua zetu yafaa tairi libadilishwe kabla ya kufikia hapo. Tazameni pia umri wa tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne zilizopigwa mhuri: mbili za mwanzo ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa imeandikwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika, nao ukizeeka hupasuka. Kwa hiyo tairi la mtumba lenye mifereji mizuri laweza kuwa limezeeka vibaya ndani yake. Upepo nao upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, maana tairi lenye joto hudanganya kipimo. Wala tusisahau tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu. Hivyo ndivyo vitu vinavyoazimwa na kutorudishwa.

Kitu cha pili ni breki. Breki hulisimamisha gari kwa kusuguana, na msuguano huzaa joto. Mkanyagio wa breki ukizama chini kuliko desturi, au ukiwa laini kama sponji, au gari likivuta upande mmoja, au chuma kikilia juu ya chuma, basi gari hilo limekwisha kusema kwa lugha yake kwamba ni gonjwa. Mafuta ya breki nayo yana tabia moja ambayo wengi hawaijui: hunyonya maji kutoka hewani. Kadiri yanavyokaa ndivyo maji yanavyozidi ndani yake. Dereva akishuka mlima mrefu huku amekanyaga breki daima, mafuta hupata moto, yale maji hugeuka mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma. Mguu huzama, gari haliitiki. Ndiyo sababu mafundi husema mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, ingawa macho huyaona kama yangali mazuri. Na malori yatumiayo breki za upepo, matangi yao ya upepo yatolewe maji yaliyokusanyika ndani, na dereva atazame kipimo cha upepo kabla ya kuanza kushuka, si baada.

Kitu cha tatu ni macho ya dereva, yaani kioo, waipa na taa. Mpira wa waipa hauna bei kubwa, lakini ukiwa umekatika, dereva huiona barabara kama mtu aliyefumba jicho moja. Kioo cha mbele kisafishwe na ndani pia, maana mafuta na vumbi la ndani huyafanya mataa ya magari yajayo yatawanyike na kumpofusha. Taa zote ziwake: za mbele, za nyuma, za breki, na za kuonyesha upande. Gari lenye taa moja ya mbele huonekana kwa mbali kama pikipiki, na wengi wamekufa kwa kosa hilo la macho. Mwenye gari amwite mtoto wake asimame nyuma, kisha akanyage breki na kumwuliza, "Zinawaka?" Kazi hiyo ni ya dakika moja, na mtoto hujifunza.

Kitu cha nne ni injini na vinavyoisaidia: oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni na betri. Haya hayaui mtu upesi kama breki, lakini gari likizimika katika kona wakati wa ukungu, hilo nalo ni hatari kubwa. Hapa tuna neno la kusema. Desturi yetu gari likiharibika ni kukata matawi ya miti na kuyaweka barabarani ili kuwaonya wengine. Si desturi mbaya kwa mtu asiye na kitu kingine, ingawa kila gari lapaswa kuchukua pembetatu zenye kung'aa. Ubaya wake ni kwamba gari likiisha kutengenezwa, watu hupanda wakaenda zao, na matawi yakabaki. Usiku dereva mwingine huyakuta, akayakwepa kwa ghafula, akamwendea mtu aliyekuwa akipita kando. Aliyeweka tawi na aliondoe. Hiyo ni adabu kwa jirani usiyemjua.

Labda mwenye gari mmoja atasema, "Mambo haya ni mazuri, lakini fedha zi wapi?" Swali hili ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tutazame kalenda ya mkulima wa Madaba. Mahindi huvunwa na kusafirishwa wakati wa kiangazi. Lori hubeba magunia mwezi kwa mwezi katika njia za vumbi, na likifika Oktoba limechoka: springi zimelegea, breki zimekwisha, chujio la hewa limejaa vumbi. Mwezi huo huo ndio ambao fedha za mavuno bado zipo. Zikifika Desemba na Januari, fedha zimekwenda kwenye mbolea, mbegu, sare za shule, madaftari na viatu. Basi mtu anayesema, "Nitatengeneza baada ya sikukuu," anajiahidi fedha ambazo hazitakuwapo, kwa ajili ya mvua ambazo zimekwisha kufika. Wakati wa kutengeneza gari ni Oktoba. Gari liwe na fungu lake katika mavuno kama shamba lilivyo na fungu la mbegu. Hapana mkulima anayekula mbegu zake zote kisha akasema mvua ilimkuta ghafula.

Jambo jingine lahusu mwenye gari na dereva wake. Mara nyingi gari ni la mtu mmoja, na mwendeshaji ni mwingine. Dereva hutakiwa kuleta hesabu kila jioni. Akisema breki hazifai, huambiwa, "Lakini gari si linatembea?" Ndiyo, linatembea, tena gari lisilo na breki hutembea kuliko yote. Dereva akilikataa gari, kuna kijana mwingine langoni anayengoja kazi. Hivyo hunyamaza, akapanda, akamwomba Mungu. Sisi twasema kwamba jambo hili ni la wote wawili, na la tatu ni abiria. Mwenye gari aandike daftari: tarehe ya kubadilisha oili, tarehe ya breki, tarehe ya matairi, na malalamiko ya dereva kila wiki. Maneno yaliyoandikwa hayakanushwi upesi. Abiria naye asione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Amelipa nauli ili afike, hakulipa ili awahi kaburi. Na mzazi anayempandisha mtoto katika gari la shule ana haki ya kuinama na kulitazama tairi kabla ya kumbusu mtoto wake.

Sasa tuje katika mwendo. Hapa tunawaomba wanafunzi wachukue kalamu, maana hesabu hii ni yao. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita mita 14 hivi kwa sekunde moja. Liendalo kilometa 80 hupita mita 22, na liendalo kilometa 100 hupita mita 28. Dereva akimwona mtoto ameingia barabarani, huchukua yapata sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari linaendelea kwa kasi ile ile. Kisha breki zinaanza kazi. Kwa gari zuri, na lami kavu, jumla ya mwendo mpaka kusimama ni kama mita 28 kwa kasi ya kilometa 50, mita 57 kwa kilometa 80, na mita 83 kwa kilometa 100. Mvua ikinyesha, nguvu ya tairi kushika lami yaweza kupungua hata nusu. Basi hesabu inakuwa mita 42, mita 92, na mita 138. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 100 hivi. Kwa hiyo dereva anayekimbia kilometa 100 kwa saa katika mvua ahitaji kiwanja kizima cha mpira, na zaidi, ili asimame. Mtoto hampi nafasi hiyo. Mtoto hutokea katika majani, mita kumi mbele, akifuata mpira wa matambara.

Angalieni tena jambo hili. Kasi ikizidi mara mbili, njia ya kusimama kwa breki haizidi mara mbili, bali mara nne. Huo ni mwendo wa maumbile, wala hauondolewi na ustadi wa dereva, wala na cheo chake, wala na haraka ya safari yake. Ndiyo maana sheria ya nchi imeweka kilometa 50 kwa saa katika sehemu za makazi. Alama ile ya 50 pale penye nyumba na shule haikuwekwa ili kuwapatia askari kazi. Ni hesabu hii hii ya leo, imeandikwa kwa tarakimu mbili badala ya kurasa mbili.

Hatari ya motokaa kwa mtu aendaye kwa miguu si habari mpya. Tarehe 17 Agosti 1896 mama mmoja, jina lake Bridget Driscoll, aligongwa na motokaa akafa huko Crystal Palace, London. Alikuwa mtu wa kwanza katika Uingereza kuuawa na motokaa ya petroli akitembea kwa miguu. Baadaye Waingereza walitafuta njia za kuwalinda waendao kwa miguu, na mwaka 1951 wakaanza kuchora barabarani mistari myeusi na myeupe ambayo leo huitwa pundamilia. Mistari hiyo imeenea duniani, nasi tunayo. Dereva akimwona mtu amekanyaga mistari hiyo, sheria humtaka asimame. Lakini mistari ni rangi tu. Haina mikono ya kulizuia gari. Nguvu yake yote imo katika heshima ya dereva.

Tuitazame sasa barabara yetu yenyewe. Nchi ya Madaba ni ya vilima na mabonde, na barabara ina kona nyingi na miteremko. Humo hupita mabasi, malori ya mahindi na ya mbolea, malori ya makaa ya mawe yatokayo upande wa Mbinga, magari madogo, bodaboda na baiskeli. Kanuni ya mteremko ni moja: gia itumikayo kupanda mlima ndiyo itumike kuushuka. Gia ndogo huifanya injini izuie gari, na breki hupumzika, zikabaki baridi kwa wakati wa haja. Wako madereva ambao hutoa gia kabisa na kuliacha gari liteleze lenyewe, wakidhani wanaokoa mafuta. Anayefanya hivyo ameuza injini iliyokuwa ikimsaidia kuzuia gari, na malipo yake ni vijiko vichache vya mafuta. Hata gari la gia za kujibadilisha lina alama ya gia ndogo, na dereva ajifunze kuitumia.

Mvua ya kwanza ya mwaka yataka hadhari kuliko zote. Kwa miezi mingi lami imekusanya vumbi, oili na mabaki ya mpira. Maji ya kwanza huvichanganya vyote vikawa utelezi, na hubaki hivyo mpaka mvua iishe kuuosha uso wa barabara. Siku hiyo dereva apunguze mwendo hata kama mvua ni manyunyu tu. Kukiwa na ukungu, awashe taa za chini. Za juu humrudishia mwanga machoni. Wala asipite gari jingine penye kona au penye kilima asichokiona upande wake wa pili. Katika njia za udongo ziingiazo vijijini, akikuta maji yanakatiza barabara yakienda kasi, asimame. Maji hayaonyeshi kina chake, wala hayaonyeshi kama daraja lingalipo. Kawia ufike.

Kuna na jambo la kinywaji. Majira ya mvua ndiyo majira ya ulanzi katika nyanda zetu, na ulanzi una sifa ya kunywewa kwa mazungumzo mengi na kwa saa nyingi. Hatukuja kuwahukumu wanywaji. Twasema tu kwamba mikono iliyoshika kikombe cha ulanzi mchana isishike usukani wala pikipiki jioni, saa ile ambayo watoto wanarudi nyumbani.

Kwa vijana wa bodaboda twasema hivi. Pikipiki ni msaada mkubwa, nayo imewafikisha wakina mama wajawazito hospitali mahali ambapo gari halifiki. Lakini kupakia watoto watatu au wanne, mmoja mbele na wengine nyuma, kama nyama za mshikaki, ni kuwafanya watoto wa wenzenu mzigo. Kofia ngumu iwe mbili, ya dereva na ya abiria, tena ifungwe mkanda wake kidevuni. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya kichwa. Vivyo hivyo katika gari, kila mtu na afunge mkanda. Mkanda wa sehemu tatu ulibuniwa na Nils Bohlin, fundi wa kampuni ya Volvo ya Sweden, mwaka 1959, na tangu hapo umeokoa watu wasiohesabika. Haufai kitu ukining'inia ubavuni.

Neno letu la mwisho ni kwenu wanafunzi. Magari yetu hupita upande wa kushoto. Basi mwendao kwa miguu mahali pasipo na njia ya kando, tembeeni upande wa kulia, ili gari lililo karibu nanyi mlione likija mbele ya macho yenu, lisije nyuma ya kisogo. Tembeeni kwa mstari mmoja, wakubwa nje, wadogo upande wa majani. Kabla ya kuvuka, simameni, tazameni kulia, kushoto, kisha kulia tena, sikilizeni, ndipo mvuke kwa kutembea bila kukimbia, maana utelezi humwangusha akimbiaye. Msivuke karibu na kona, wala mbele ya basi lililosimama. Lingojeeni basi liondoke, ndipo mtakapoona na kuonekana.

Na wazazi, angalieni hili. Watoto wetu huvaa shati jeupe, na rangi nyeupe huonekana kwa mbali alfajiri. Lakini Madaba ni nchi ya baridi, na mtoto huvaa sweta jeusi au la kijani juu ya shati hilo, weupe wote ukafichika. Mshoneeni kipande cha kitambaa cheupe mgongoni mwa sweta au kwenye mkoba. Kipande hicho hakina bei, hata gunia tupu la mbolea lenye rangi nyeupe laweza kukatwa likatumika. Dereva atamwona mtoto mapema kidogo, na mapema kidogo ndiyo zile mita ambazo tumezihesabu.

Sasa twawapeni kazi. Wenye magari na madereva, chukueni karatasi muandike: tairi, upepo, breki, mafuta ya breki, waipa, kioo, taa, oili, maji, mkanda wa feni, betri, tairi la akiba, jeki, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya gari, na kila jambo litiwe alama likiisha kutazamwa. Walimu, wapelekeni wanafunzi wakapime kwa hatua mita 42 kandokando ya kiwanja cha shule, kisha mita 138, ili waone kwa macho yao. Nao wanafunzi wakirudi nyumbani wawasimulie baba zao na kaka zao walio madereva. Mtu aweza kubishana na askari wa barabarani, lakini ni shida kubishana na mwanawe aliyeshika daftari la hesabu.

Mvua zi njiani. Matairi yatazamwe wiki hii, na breki zitengenezwe kabla ya mwezi kuisha. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, nendeni kwa usalama.